Shajara ya Biskuti za Siagi: Hannover, Novemba na Desemba 2025

Jumamosi, 15 Novemba

Mradi huu ni wa kuoka aina nne za biskuti za siagi ambazo familia nyingi za Ujerumani huzioka nyumbani kuelekea Krismasi, nazo ni Heidesand, biskuti za kukatwa kwa vikatio, Spritzgebäck (biskuti za kukamuliwa) na Vanillekipferl (hilali za vanila). Sehemu moja itagawiwa majirani wa jengo letu hapa Hannover, na sehemu nyingine itapelekwa kwenye mkusanyiko wa familia zinazozungumza Kiswahili, unaofanyika Jumamosi ya tarehe 20 Desemba. Zimtsterne, Springerle na Lebkuchen nimeziweka kando kwa makusudi. Ni biskuti nzuri, na pengine ndizo zinazofahamika zaidi nje ya Ujerumani, lakini hazitegemei siagi: Zimtsterne hushikana kwa ute wa yai na lozi za kusaga, Springerle kwa mayai yaliyopigwa kwa muda mrefu pamoja na sukari, na Lebkuchen nyingi hubebwa na asali na viungo.

Aina nne nilizochagua zinatumia karibu vitu vilevile. Kanuni ya msingi, ambayo wapishi wa nyumbani wa huku wanayo kichwani bila kufungua kitabu, ni moja, mbili, tatu: sehemu moja ya sukari, mbili za siagi na tatu za unga wa ngano, zote kwa uzito. Juu ya hapo huongezwa chumvi kidogo, labda kiini cha yai, labda lozi. Basi mtu anayeonja aina zote nne kutoka kwenye sahani moja, akaona kila moja inavunjika mdomoni kwa namna yake, asidhani tofauti hiyo inatoka kwenye vipimo. Inatoka hasa kwenye hali ya siagi pale inapokutana na unga: imekaangwa, ni baridi, ni laini, au imechanganywa na lozi bila yai lolote. Nimepanga kazi yote kwa kufuata hali hizo, na mpangilio wa wiki umefuata muda ambao kila aina inaweza kukaa kwenye kopo bila kuharibika ladha.

Leo nimenunua malighafi. Siagi inayouzwa hapa kwa daraja la Deutsche Markenbutter haina chumvi kwa kawaida, na sheria inataka iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 82 na maji yasiyozidi asilimia 16. Takwimu hizo mbili zina kazi kubwa katika mradi huu, kwa sababu maji ndiyo yanayoamsha gluteni ya unga, yaani protini inayofanya donge livutike, na mafuta ndiyo yanayoizuia. Nimechukua siagi ya malai matamu, yaani yasiyochachushwa, kwa biskuti zote isipokuwa Heidesand, ambayo nimeinunulia siagi ya malai yaliyochachushwa, kwa kuwa naona harufu yake inakolea zaidi ikikaangwa. Majarini haimo kabisa. Ladha yake ni sababu tosha, lakini ipo na sababu ya kiufundi: nyingi hubaki laini hata zikitoka kwenye friji, na donge la biskuti za kukatwa haliwezi kusukumwa vizuri likiwa hivyo.

Unga ni wa namba 405. Namba hiyo haihusu ubora. Inaonyesha kwamba gramu 100 za unga mkavu zikichomwa hubaki majivu ya miligramu 405 hivi, yaani unga umetolewa pumba karibu zote. Ni unga laini wenye protini ya wastani, na kwa biskuti za kuvunjika ndio unaofaa. Namba 550 hufanya kazi pia, ila biskuti huwa ngumu kidogo.

Sukari ni ya hapahapa. Msimu huu barabara za kusini mwa Hannover zimejaa malori yanayopeleka viazisukari kwenye kiwanda cha Nordstemmen, na mengine huacha matope barabarani kiasi cha kuwekewa alama za tahadhari. Mkemia wa Berlin, Andreas Sigismund Marggraf, ndiye aliyeonyesha mwaka 1747 kwamba sukari iliyomo kwenye viazi hivyo ni ileile ya miwa, na mwanafunzi wake Franz Carl Achard akaanzisha kiwanda cha kwanza huko Cunern, Silesia, mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya sukari hiyo kushuka bei, biskuti za namna hii zilikuwa za nyumba za wenye uwezo. Nimenunua sukari ya kawaida yenye chembe ndogo na sukari ya unga, na sababu ya kuhitaji zote mbili itaonekana mbele.

Jumatatu, 24 Novemba

Jana ilikuwa Totensonntag, Jumapili ambayo Waprotestanti wa Ujerumani huwakumbuka marehemu wao, iliyowekwa na Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia mwaka 1816. Majirani wenye umri mkubwa hawapambi wala hawaoki kabla haijapita, na kwa heshima yao nimesubiri. Kazi ya jiko imeanza leo.

Inafaa kukumbuka kwamba zamani hata baada ya hapo watu hawakuwa huru kuoka kwa siagi. Majilio, yaani majuma ya kuelekea Krismasi, yalikuwa kipindi cha mfungo, na siagi ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokatazwa, kwa hiyo waokaji wa Saxony walilazimika kutumia mafuta ya mbegu ambayo hayakumpendeza mtu. Watawala wa huko walipeleka ombi Roma, na mwaka 1491 Papa Inosenti VIII akatoa waraka unaojulikana kama Butterbrief, yaani barua ya siagi, ulioruhusu matumizi yake kwa sharti la kulipa sadaka ya toba. Habari hiyo husimuliwa zaidi kuhusu mkate wa Stollen wa Dresden, lakini bila ruhusa za namna hiyo, na bila mageuzi ya kidini yaliyofuata, sahani ya biskuti za siagi katikati ya Majilio isingewezekana.

Kazi ya leo ni kukaanga siagi ya Heidesand. Biskuti hii ni ya eneo hili la kaskazini, na jina lake linatokana na mchanga wa nyika ya Lüneburg, iliyo kaskazini-mashariki mwa Hannover. Nimetumia sufuria ya chuma cha pua ambayo ndani inang'aa, kwa sababu kwenye sufuria nyeusi rangi ya siagi haionekani mpaka iwe imeungua. Siagi ikishayeyuka huanza kutoa povu zito na kupasuka-pasuka. Hayo ni maji yanayotoka. Kelele hizo hupungua zenyewe, na kimya hicho ndicho ishara ya kukaza macho, kwani kuanzia hapo joto linapanda upesi na chembe za maziwa zilizotulia chini zinaanza kubadilika kutoka nyeupe hadi rangi ya njugu. Povu la pili, jembamba na laini, hupanda juu, na harufu inakuwa ya karanga zilizokaangwa. Papo hapo siagi inamiminwa kwenye bakuli baridi, pamoja na zile chembe zote.

Aliyelelewa kwenye nyumba inayopika samli ataitambua kazi hii tangu povu la kwanza. Tofauti ni kwamba mpika samli huchuja na kuyaacha masalia, ilhali hapa masalia ndiyo yanayotafutwa, maana ladha yote ya Heidesand imo ndani yake.

Pakiti mbili za gramu 250 ziliingia sufuriani, na baada ya kukaangwa mizani imesoma gramu 412. Upungufu huo ni maji, pamoja na mafuta kidogo yaliyobaki sufuriani. Vipimo vya kimapokeo vya Heidesand hutaja uzito wa siagi kabla ya kukaangwa, gramu 250 kwa gramu 375 za unga, na ndiyo maana huongezwa kijiko kimoja au viwili vya maziwa kufidia maji yaliyopotea. Anayepima gramu 250 baada ya kukaanga, halafu akaongeza maziwa vilevile, atapata donge lenye mafuta mengi litakalotandaa ovenini. Siagi imefunikwa na kuwekwa kwenye friji.

Jumamosi, 29 Novemba

Kesho ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, na makopo ya Heidesand yamejaa.

Siagi iliyokaangwa ilitolewa kwenye friji jana asubuhi ili irudi kuwa laini kiasi cha kuzama kidole bila kuyeyuka. Jioni niliipiga na sukari ya chembe ndogo, pakiti mbili za sukari ya vanila na chumvi, mpaka rangi yake ya kahawia ikapauka na ikawa na wepesi. Nilitia maziwa, kisha unga uliochekechwa, na kuanzia hapo sikuikanda zaidi ya pale iliposhikana. Donge la Heidesand huwa linaelekea kumomonyoka. Mtu huwa na hamu ya kuliongezea kioevu, lakini likishikwa na viganja kwa dakika moja au mbili, joto la mikono linatosha kulifanya litii. Niliviringisha magogo ya unene wa sentimita nne, nikayabiringisha kwenye sukari, nikayafunga kwenye karatasi na kuyalaza kwenye friji usiku kucha.

Asubuhi hii yalikatwa vipande vya unene wa karibu sentimita moja kwa kisu chenye makali membamba. Gogo huzungushwa robo mzunguko baada ya kila vipande vichache, la sivyo upande wa chini unabonyea na biskuti zinatoka na umbo la nusu mwezi. Ovenini nimeweka kipimajoto cha kuning'inia, kwa kuwa namba iliyo kwenye kitufe cha jiko hili hupishana na joto halisi kwa nyuzi kama kumi. Nimeoka kwa nyuzijoto 170, joto la juu na chini bila feni, dakika 14. Biskuti inapotoka bado ni laini na mtu anaweza kuidhania mbichi. Hukauka ikipoa kwenye trei, na haifai kuguswa kabla ya hapo.

Aina hii imetangulia kwa sababu inakaa muda mrefu kuliko zote. Maji yake ni machache, haina yai, na ladha ya siagi iliyokaangwa huzidi kukolea kwa wiki mbili za mwanzo. Ya leo ni tamu, ila nina hakika ya tarehe 20 itakuwa tamu zaidi.

Ijumaa, 5 Desemba

Usiku wa leo watoto wa Ujerumani huacha viatu vilivyosuguliwa mlangoni ili Mtakatifu Nikolaus avijaze, na biskuti za kukatwa zimepangwa kuwa tayari kwa ajili hiyo. Kwa watoto hizi ndizo biskuti zenyewe. Nyingine ni za watu wazima.

Hapa siagi inatakiwa iwe baridi. Gramu 200 zilikatwa vipande vidogo zikiwa zimetoka tu kwenye friji, zikasuguliwa kwa ncha za vidole ndani ya gramu 300 za unga mpaka mchanganyiko ukawa kama chenga za mkate. Kazi hiyo huzifunika chembe za unga kwa mafuta, na maji yanapokuja baadaye hayapati nafasi ya kuunda nyuzi za gluteni. Halafu zilifuata gramu 100 za sukari ya unga, kiini kimoja cha yai, chumvi na ganda la limau lililoparwa. Nimetumia sukari ya unga hapa kwa sababu sukari ya chembe huyeyuka ovenini na kuivuta biskuti itandae, na nyota inayotandaa hupoteza pembe zake. Kwenye Heidesand utandaaji kidogo si tatizo. Hapa ni tatizo kubwa.

Mapishi mengi yaliyochapishwa tangu mwisho wa karne ya 19 huongeza kijiko cha poda ya kuumulia, ambayo August Oetker, mfamasia wa Bielefeld, aliifanya ipatikane kila nyumba kwa kuifunga kwenye vipakiti vilivyopimwa tayari kwa nusu kilo ya unga. Mimi sijaiweka. Biskuti hizi hazihitaji kuumuka, na inayoumuka huvimba katikati hata mapambo ya sukari hayalali vizuri.

Donge lilibanwa likawa bapa la unene wa sentimita mbili na kupumzishwa kwenye friji kwa saa mbili. Ubapa huo una faida: baridi hupenya sawasawa, na kazi ya kusukuma inakuwa imeshaanza. Katika mapumziko hayo siagi huganda tena na unga hunywa unyevu wa kiini cha yai. Nililitoa, nikaliacha dakika kumi juu ya meza, nikalisukuma kati ya karatasi mbili za kuokea hadi milimita nne kwa ule mti wangu wa kusukumia chapati. Kuna wanaonyunyiza unga mezani. Karatasi ni bora, maana unga wa ziada huingia kwenye masalio na kila yanaposukumwa upya biskuti huzidi kuwa ngumu. Donge lililo tayari hujulikana kingoni. Likipasuka pasuka mfano wa udongo mkavu, bado lina baridi mno. Kingo zikianza kung'aa na kushika kikatio, joto limezidi na lazima lirudi kwenye friji, hata kama trei imebakiza nafasi ya biskuti mbili tu.

Mpangilio wa vikatio ni jambo dogo lenye athari. Vikubwa hukatwa kwanza, kisha vidogo kwenye mianya, na kila trei inabeba maumbo ya ukubwa mmoja, kwa sababu nyota ndogo huiva dakika mbili kabla ya msonobari. Nyuzijoto 180, dakika nane hadi kumi. Kingo zikipata rangi ya dhahabu na katikati pakiwa bado pamepauka, hutolewa.

Urembo umekuwa wa maji ya limau na sukari ya unga, mzito kiasi cha kudondoka polepole kutoka kwenye kijiko. Uchachu wa limau ni wa lazima kwa maoni yangu. Urembo wa maji matupu huleta utamu mtupu. Biskuti zilizopambwa zimeachwa wazi usiku huu zikauke, kwani zikifungiwa kwenye kopo zikiwa mbichi zitagandana zote.

Jumapili, 14 Desemba

Jumapili ya tatu ya Majilio imekuwa ya Spritzgebäck, na kazi hii imefanyika kwa kinu cha kusagia nyama.

Hilo huwashangaza wageni. Zipo nyumba zinazotumia mfuko wa kukamulia au pampu ya mkono, lakini nyumba nyingi za zamani zinacho kinu kizito cha chuma kinachobanwa ukingoni mwa meza, na mbele yake, badala ya kisu na sahani ya matundu, hufungwa bati lenye reli ambamo kipande chenye matundu ya maumbo huteleza kushoto na kulia: tundu la nyota, tundu bapa lenye meno, tundu la duara. Jirani wa ghorofa ya kwanza, mama aliyestaafu ambaye alizaliwa upande wa Celle, aliniazima cha kwake, ambacho kilikuwa cha mama yake. Akaongeza agizo kwamba kisioshwe kwenye mashine ya vyombo na kwamba skrubu ipakwe mafuta ya kula kabla ya kuhifadhiwa. Yamefanyika yote mawili.

Siagi ya Spritzgebäck inatakiwa iwe laini, nyuzi 20 hivi, ipigwe na sukari mpaka iwe nyeupe. Gramu 250 za siagi, gramu 200 za sukari ya chembe ndogo, mayai mawili, chumvi, vanila, gramu 400 za unga na gramu 100 za lozi za kusaga. Mayai huingia moja moja nayo yawe na joto la chumba, kwani yai baridi likikutana na siagi laini huikatakata. Kwa mfuko wa kukamulia donge hilo lingetumika papo hapo. Kwa kinu ni lazima lipoe saa nzima kwanza, kwa sababu skrubu ya chuma inasukuma na kusugua kwa wakati mmoja, na donge laini hupakaa kuta za kinu bila kutoka.

Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja anazungusha mpini na kulisha donge kwa vipande vya ukubwa wa yai. Mwingine anaupokea utepe unaotoka mdomoni mwa kinu, anauongoza kwa kiganja kilicho chini yake, anaukata kila sentimita saba na kuulaza kwenye trei. Kasi ya mzungushaji ikibadilika, utepe huvimba au kukatika, na meno yake hujaa vinundu. Watoto wa familia moja ya Kikenya tunayofahamiana wameizungusha zamu kwa zamu, na utaratibu ukashika baada ya trei ya kwanza. Baada ya kuoka kwa dakika 12 kwenye nyuzijoto 180 na kupoa, ncha moja ya kila biskuti imechovywa kwenye chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa.

Swali liliulizwa jikoni kama tungeweza kutia iliki. Tungeweza, na ingekuwa biskuti nzuri, ila isingekuwa tena hii. Nimeiacha nje mwaka huu.

Alhamisi, 18 Desemba

Vanillekipferl zimeachwa mwisho kwa sababu ni dhaifu kuliko zote, hazifai kubebwa-bebwa, na zinataka siku mbili tu kwenye kopo kabla ya kufika kwenye ubora wake. Asili yake hutajwa kuwa Vienna, lakini Ujerumani nzima imezichukua, na sijaona sahani ya Krismasi hapa isiyokuwa nazo.

Vipimo nilivyofuata ni gramu 280 za unga, gramu 210 za siagi baridi, gramu 100 za lozi zilizomenywa na kusagwa, gramu 70 za sukari ya unga na chumvi. Hakuna yai. Kwa kukosa yai hakuna kinachoushika mchanganyiko isipokuwa siagi yenyewe, na lozi, ambazo hazina gluteni, zinazidi kuudhoofisha. Hapo ndipo ulipo uzuri wake. Waliokula vileja vya Unguja siku ya Idi wanaifahamu biskuti ambayo haitafunwi, bali inasagika kati ya ulimi na kaakaa. Ile hutumia unga wa mchele na samli, hii hutumia lozi na siagi, na zote mbili zimefika mahali pamoja.

Uundaji unafanywa kwa kipande kimoja kimoja. Donge baridi lenye uzito wa gramu kumi huviringishwa kuwa kijiti cha urefu wa sentimita saba, kinene katikati na chembamba kwenye ncha, kisha hupindwa kuwa hilali. Ncha zisiwe nyembamba kupita kiasi, kwani huungua kabla ya tumbo kuiva. Mikono yenye joto ni adui. Niliiweka chini ya bomba la maji baridi kila nilipohisi vijiti vinaanza kuteleza, nikaikausha vizuri kabla ya kuendelea.

Sukari ya vanila ya kuzinyunyizia niliiandaa tangu Novemba, kwa kupasua maganda mawili ya vanila ya Uganda na kuyafukia kwenye mtungi wa sukari. Hapa inafaa kusoma lebo kwa makini. Pakiti nyingi za bei nafuu zina vanilini, ambayo Wilhelm Haarmann na Ferdinand Tiemann waliitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1874 kutokana na utomvu wa misonobari, na kiwanda chao kikawa Holzminden, mji ulio katika jimbo hilihili la Niedersachsen. Ndani ya donge linalookwa, vanilini inatosha na sina ugomvi nayo. Nimeitumia kwenye Heidesand. Lakini Kipferl hunyunyiziwa baada ya kuoka, vanila inaliwa mbichi, na hapo tofauti inasikika waziwazi: vanilini hupiga mara moja na kuisha, ganda la kweli lina uchungu mdogo na harufu inayochelewa. Bei ya ganda nayo inaeleweka ukijua kazi yake, maana nje ya kwao Meksiko ua la vanila huchavushwa kwa mkono, asubuhi ileile linapofunguka, na ganda likishavunwa huchukua miezi kuandaliwa. Uganda ina misimu miwili ya mavuno kwa mwaka kutokana na mvua zake mbili, jambo ambalo mashamba ya Madagaska hayana.

Wakati wa kunyunyizia ndio mtihani wenyewe. Kipferl zimeokwa dakika 12 kwa nyuzijoto 175, zikatolewa zikiwa zimepauka, ncha tu zikiwa na rangi. Zikiguswa mara moja zinavunjika, na sukari inayeyuka juu yake ikawa utando wa kunata. Zikiachwa zipoe kabisa, sukari haishiki na huanguka yote chini ya kopo. Nimesubiri dakika nne, nikanyunyiza kwa chekeche dogo safu ya kwanza zikiwa bado kwenye trei, na safu ya pili zilipopoa.

Jumatatu, 22 Desemba

Mkusanyiko wa Jumamosi umepita na sahani za majirani zimefungwa leo.

Kanuni ya hifadhi imekuwa kila aina na kopo lake la bati, na karatasi kati ya safu na safu. Spritzgebäck hubeba harufu ya chokoleti na Kipferl ni nyepesi kunyonya harufu za wengine, kwa hiyo huchanganywa siku ya kugawa tu. Makopo yalikaa kwenye chumba kisicho na kipasha joto, nyuzi 12 hivi. Biskuti za kukatwa zilizobaki tangu tarehe 5 zilikuwa zimekauka kupita nilivyopenda, na kipande cha tufaha kilichowekwa kwenye kopo kwa siku moja kikazirudishia ulaini. Njia hiyo ya kienyeji inafanya kazi, mradi tufaha liondolewe kabla halijaleta ukungu.

Kila sahani imepata Heidesand chini, kwa kuwa ndizo ngumu, Spritzgebäck pembeni, biskuti za kukatwa katikati, na Kipferl juu kabisa, pamoja na chungwa moja dogo na kokwa chache za jozi zenye maganda kama desturi ya hapa inavyotaka. Kwenye mkusanyiko wa Jumamosi watu wazima walimaliza Heidesand kwanza, hata kabla ya zile zenye chokoleti, na mzee mmoja wa Bukoba akauliza kama zimetiwa karanga. Mama wa ghorofa ya kwanza, aliporudishiwa kinu chake pamoja na sahani, alichukua Spritzgebäck moja akaivunja katikati kabla ya kuila, akatazama mvunjiko, akasema unga ungeweza kupungua gramu 20. Kwa kinu chake huenda yuko sahihi, na mwakani nitaanza na gramu 380.

Mabadiliko mengine ya mwakani ni machache. Lozi zitasagwa nyumbani siku ileile, kwani zile za pakiti huwa zimeshakauka mafuta. Magogo ya Heidesand yataongezwa mara mbili, na nusu yake yatagandishwa mabichi kwenye friza, kwa kuwa yanavumilia baridi hiyo vizuri na hukatwa yakiwa bado nusu magumu. Kipferl zilizovunjika, ambazo hazikosekani hata mtu akiwa mwangalifu namna gani, zimesagwa na kuchanganywa na siagi kidogo iliyoyeyushwa, zikabanwa chini ya chombo cha keki ya jibini kwa ajili ya tarehe 25.